Tishu za ofisini: nani hasa huwa anazichagua?

BintiHesabu

Wakuu, salaam. Nina swali la aibu kidogo, lakini limenikaa kichwani tangu Jumanne. Humu najua wapo maafisa ugavi, wapo watu wa usafi, na mabosi wapo pia ingawa wanajificha. Mkitaka kucheka chekeni, ila mkimaliza mnijibu.

Mimi ni mhasibu msaidizi. Ofisi yetu iko Posta, Dar es Salaam, ghorofa ya sita, jina silitaji maana bado nahitaji mshahara. Ni ofisi ya watu wazima: mapokezi kuna ua la kweli, kiyoyozi kinafanya kazi, na mashine ya kahawa inasaga buni mbele ya macho yako. Mgeni akija anapewa maji baridi na sevieti laini inayonukia. Sasa ingia chooni. Tishu iliyopo, ukiinyanyua kuelekea dirishani unaona meli zinazosubiri kuingia bandarini. Sitanii. Ikunje mara mbili, kidole kinapita. Ikunje mara nne, kidole kinapita kwa shida. Ikianza kufanana na tishu umeshamaliza robo ya roli. Rangi yake ni ya maji ya kufulia, ina vidoadoa vyeusi, na kuna kidoa kimoja nilikikodolea macho dakika nzima nikidhani ni herufi ya gazeti.

Kila mtu ana ujanja wake. Dada wa mapokezi anakuja na ya kwake ndani ya mkoba. Kaka wa kompyuta anabeba sevieti za wageni. Wengine, Mungu awasamehe, wanachukua karatasi ya mashine ya kuchapia. Jumanne, siku ya kufunga mahesabu ya mwezi, choo cha wanaume kikaziba kikarudisha mpaka kwenye korido. Fundi bomba akaja na springi yake, akatoa sevieti na karatasi ngumu ndoo nzima. Hati ya malipo ikaja mezani kwangu: shilingi 180,000.

Nikaandaa malipo huku nawaza. Humu ofisini hajawahi kutokea mtu mmoja aliyesema anaipenda ile tishu. Meneja utawala analalamika. Dereva analalamika. Sasa kama wote tunailalamikia, nani aliyeichagua? Ilifikaje pale? Naomba kuwasilisha.

KopoLaMaji

Nyie wa bara mna tabu. Mie nipo Unguja, ofisini kwetu kuna bomba, kuna kopo, na tishu ni ya kujikaushia tu. Mtu mzima anachamba kwa maji. Hiyo habari ya kukunja mara nne, mara sita, ndiyo wazee walisema kuchamba kwingi huondoka na mavi.

BintiHesabu

KopoLaMaji, umenifanya nicheke peke yangu kwenye mwendokasi, watu wakanitazama. Maji tunayo, na kile kibomba cha kubonyeza kipo. Ila pampu ya jengo ikizimwa mchana maji hayapandi ghorofa ya sita. Halafu jaribu kujikausha na tishu yenyewe ukiwa na maji. Inageuka uji. Unatoka na vipande umevibeba kama umepita kwenye shamba la pamba.

MzeeWaBohari

Binti, swali lako zuri na wala si la aibu. Nimetunza bohari miaka 27 kwenye taasisi ya umma kabla ya kustaafu. Tishu zimepita mikononi mwangu kuliko mafaili. Nikueleze inavyokwenda, na uniwie radhi nikirefusha.

Kule kwetu, idara ikiishiwa, karani anajaza fomu ya kuomba vifaa. Anaandika hivi: "Karatasi za chooni, katoni 20." Basi. Ukiomba wino wa printa unaandika namba ya wino. Ukiomba tairi unaandika ukubwa wa tairi. Tishu hakuna anayeandika kitu, kwa sababu kuandika sifa za tishu ni kukiri kwamba umekaa ukaifikiria, na mtu mwenye cheo anaona haya. Nimehudhuria vikao vya kupitia mahitaji vikabishana nusu saa juu ya unene wa karatasi za kuchapia, gramu 80 au 70. Ilipofikiwa tishu, mwenyekiti anasema "hiyo inajulikana, tuendelee".

Inajulikana! Sasa fomu inafika ununuzi. Wanaomba profoma, yaani karatasi ya bei, kwa wauzaji watatu. Wote watatu wanajibu "karatasi za chooni". Maneno ni yaleyale, kilichobaki kulinganisha ni bei. Wa bei ya chini anachukua. Yule aliyeweka tishu nzuri anakosa. Safari ijayo haleti nzuri tena, si mjinga. Baada ya miaka miwili mitatu wauzaji wote wameshuka mpaka sakafuni, na hakuna mtu aliyewahi kukaa mahali akaamua kwamba wafanyakazi wapewe tishu mbovu. Ndiyo jibu la swali lako. Hakuna aliyeichagua.

Ongeza na hili: muuzaji wa serikali anajua atakatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio kwenye bidhaa, na anajua hela yake inaweza kukaa miezi. Yote hayo anayaingiza kwenye bei. Lakini bei haiwezi kupanda maana atakosa. Kwa hiyo anapunguza kitu. Kwenye saruji akipunguza utamkamata. Kwenye tishu nani atamkamata?

Sasa kuna upande wa pili ambao mnapenda kuuficha. Wizi. Mwaka mmoja tulipata mkurugenzi mpya, mama mmoja msafi sana. Akasema hapana, nunueni tishu ya heshima. Tukanunua, nyeupe, tabaka mbili, roli moja moja zimefungwa kwenye karatasi yake. Katoni za miezi mitatu ziliisha wiki tano. Nikajua tu. Ikawa karibu na Krismasi, saa kumi na nusu jioni, lifti imejaa. Mlango ukafunguka chini, mkoba wa mtu mmoja (mkubwa, sitasema idara) ukateleza begani, roli ikaanguka ikaanza kujikunjua yenyewe, kutoka lifti mpaka meza ya mlinzi. Nyeupe, nzuri, ndefu. Watu wakairuka kama wanavuka mfereji. Hakuna aliyesema neno. Mlinzi ndiye aliyeinama akaikunja, akamkimbilia mwenye mkoba mpaka kwenye gari: "Mheshimiwa, umesahau."

Januari mkurugenzi akaagiza zile roli kubwa kama gurudumu la baiskeli ya mtoto, zinazokaa ndani ya kidude cha ukutani chenye ufunguo. Kijivu, tabaka moja, hazishikiki nyumbani maana tundu lake halikai kwenye kishikio cha kawaida. Wizi ukaisha. Kwa hiyo binti, ubovu mwingine ni kufuli.

Mpitanjia_tu

Mzee kasema kweli. Na si huku tu. Beijing, kwenye bustani ya Hekalu la Mbinguni, mwaka 2017 waliweka mashine zinazotambua sura yako ndiyo zikutemee karatasi, kama sentimita 60 hivi, na ukitaka nyingine unasubiri dakika 9. Watu walikuwa wanajaza mifuko. Hebu fikiria umesimama pale tumbo linakusokota, mashine inakwambia bado hujatimiza dakika tisa.

DeoUsafi

Nimesoma nikaona nisipoingia nitasingiziwa. Mimi ni msimamizi kwenye kampuni ya usafi, nina majengo sita mjini. Mzee wa bohari kaeleza zamani. Siku hizi ofisi nyingi za binafsi hazinunui tishu kabisa. Wananinunua mimi.

Mkataba wetu unasema: usafi wa jengo, kwa mwezi kiasi kadhaa, "pamoja na vifaa vyote". Vifaa vyote ni dawa ya choo, sabuni ya mikono, mifuko ya taka, mifagio na tishu. Sasa chukua kalamu, dada mhasibu. Hela yangu ya mwezi haibadiliki. Mishahara ya wadada wa usafi siwezi kuishusha, kuna kima cha chini cha sheria na ni kidogo tayari. Michango ya hifadhi ya jamii lazima ilipwe. Mafuta ya gari yamepanda. Dawa ya choo nikiichanganya na maji sana jengo linanuka na meneja wenu ananipigia simu. Kimebaki nini cha kubana? Kile ambacho hakuna atakayepiga simu kwa sababu anaona aibu kukitaja.

Na wateja wenyewe wanatubana. Mkataba ukiisha wanasema, "Deo, punguza asilimia kumi tukuongeze miaka miwili." Nikisema haiwezekani kuna kampuni tano nje zinasubiri. Napunguza. Wewe umepunguza bei, mimi nimepunguza tabaka. Tumeelewana bila kusema.

Kingine: wadada wetu wana mgao. Roli sita kwa ghorofa kwa siku, asubuhi tatu na mchana tatu. Zikiisha saa nane, zimeisha. Mkikuta tupu msimtukane dada wa usafi, yeye hana ufunguo wa stoo.

BosiMdogo

Mimi nina wafanyakazi 14 na nalipa kodi ya pango. Nilianza na tishu nzuri. Roli 40 zilikwisha siku kumi na moja. Kumi na nne tu tupo! Nikauliza kwenye kikao, wote wakatazama chini. Sasa naweka ya kawaida na anayetaka laini alete ya kwake. Mimi mwenyewe naleta.

BintiHesabu

BosiMdogo, hapo mwisho ndipo ulipojikaanga mwenyewe. Unaleta ya kwako.

DeoUsafi, asante sana, na nakuomba radhi kwa niaba ya mabosi. Umenifungua macho kwa kitu ambacho mimi mhasibu nilipaswa kukiona zamani. Nimeenda kuchungulia mkataba wetu wa usafi, na kweli, "pamoja na vifaa vyote". Kwa hiyo tishu yetu iko ndani ya kasma (fungu la bajeti) ya usafi, imelipwa kwa mkupuo, haionekani. Fundi bomba yuko kasma ya matengenezo. Sevieti za wageni ziko kasma ya mapokezi, na nimeshangaa zinavyokwenda, sasa najua zinaishia wapi. Karatasi ya kuchapia iko kasma ya vifaa vya ofisi. Tishu mbovu inatutoza sehemu nne, na kwenye kitabu inaonekana bei rahisi.

Na nimefanya kitu. Msinicheke tena. Ijumaa nilichukua roli moja ya ofisini (kwa uchunguzi, Mzee wa bohari, si wizi, nitairudisha kwa ahadi) nikaenda nayo nyumbani Mbagala. Nina mizani ya kupimia unga wa keki, maana mwisho wa wiki naoka keki za kuuza. Nikaipima. Nikapima na ile ninayotumia nyumbani. Halafu nikazikunjua zote mbili uani, mama yangu mdogo ni mshonaji, akanishikia tepu yake upande mmoja. Majirani walidhani tunapamba harusi.

Ya ofisini: gramu 41 nzima. Kile kibomba cha karatasi ngumu cha katikati peke yake gramu 11! Kwa hiyo tishu yenyewe gramu 30. Urefu mita 19 na nusu, upana sentimita 9.

Ya nyumbani: gramu 92, kibomba gramu 5, tishu gramu 87. Urefu mita 25 na nusu, upana sentimita 10, tabaka mbili.

Jumamosi nikapita Kariakoo nikaikuta ile ya ofisini, muuzaji akanitajia 450 kwa bei ya jumla. Ya nyumbani nainunua duka la Mangi pale mtaani kwa 900, rejareja. Gawanya. Ya ofisini, kila gramu ya tishu ni shilingi 15. Ya nyumbani ni shilingi 10 na senti. Yaani ile mbovu ndiyo ghali! Na nimelinganisha jumla na rejareja, ningelinganisha jumla kwa jumla ingekuwa aibu zaidi. Zaidi ya robo ya mzigo tunaonunua ni kibomba cha katikati.

Roli sita kwa siku, siku 22, ni roli 132 kwa mwezi, sawa na 59,400. Kwa 59,400 hiyohiyo napata roli 66 za nyumbani, tatu kwa siku. Tatu zile zina gramu 261. Sita zetu zina gramu 180. DeoUsafi, niambie nimekosea wapi.

Mkenya_wa_Kiwandani

Dada, hujakosea. Hamjambo nyote, niko Nairobi, nilifanya kazi kwenye kiwanda cha tishu upande wa mashine kwa miaka minane. Nikisoma uzi huu nimefurahi, kumbe kuna mtu hupima.

Chukua gramu 30 ugawe kwa eneo, mita 19.5 mara 0.09. Unapata kama gramu 17 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni tabaka moja nyepesi. Ya nyumbani ukifanya hivyo unapata kama 34, yaani tabaka mbili za aina hiyohiyo zimelaliana. Na tabaka mbili haziwi nzuri kwa sababu ya unene tu. Tundu dogo la tabaka ya juu hukutana na mahali pazima pa tabaka ya chini. Ndiyo maana kidole hakipiti.

Sasa ulaini hutoka wapi? Kwanza mti. Nyuzi za mkaratusi ni fupi, zinafanya uso uwe kama mahameli. Nyuzi za msindano ni ndefu, zinashika karatasi isichanike. Tishu nzuri huchanganya zote mbili. Ya kijivu yenu inatokana na karatasi taka, na nyuzi kila zikichemshwa na kusagwa tena zinakatika na kuwa fupi, na vidoa ni wino ambao haukuoshwa ukaisha. Msilaumu karatasi taka lakini. Kuna ya karatasi taka iliyo laini kabisa, kama kiwanda kimeosha vizuri na hakikubana uzito. Ubaya unakuja mteja akisema "nitengenezee ya bei hii" badala ya kusema "nitengenezee ya uzito huu".

Halafu kuna kisu. Karatasi mbichi inabandikwa kwenye pipa kubwa la chuma lenye mvuke ndani, inakauka kwa sekunde chache, kisha kisu kinaikwangua. Pale inapokwanguliwa inajikunja mikunjo midogo midogo, hiyo mikunjo ndiyo unaihisi kama ulaini. Kisu kikichakaa na bwana hataki kukibadilisha kwa sababu mashine itasimama, unapata karatasi yenye vumbi na matundu. Zamu ya usiku nimeziona nyingi zikipita, tunasema hizi ni za maofisi.

Na ile hila ya kibomba unaijua tayari. Nyingine ni kukunja roli kwa kulegeza. Inaonekana nene dukani, ndani ni hewa. Ibonyeze kwa mkono, ikisinyaa kama chapati ya jana iache.

Jambo moja la kukuchekesha: karatasi taka iliyo bora kwetu ilikuwa nyeupe ya maofisini, ile iliyokatwakatwa na mashine. Huenda unazikata hati zako za malipo mwezi huu, na mwaka kesho zikakurudia chooni.

BintiHesabu

Sasa naelewa ile herufi!

Mswahili_Sheffield

Wadau, mimi niko Uingereza, mji wa Sheffield, nafanya kazi ghalani. Msidhani kwa wazungu kuna nafuu. Choo cha wafanyakazi wa ghala hapa ni roli lilelile la gurudumu na kufuli lake, na karatasi ukiivuta kwa nguvu kidogo inakatika kipande kimoja kimoja. Wanasema sheria ya mahali pa kazi ya 1992 na mwongozo wake inataka karatasi ya chooni iwepo. Laini haikuandikwa.

Lakini mzee mmoja tuliyefanya naye zamu alinipa hadithi ya mji huu. Kando ya Sheffield kulikuwa na kiwanda kilichotengeneza karatasi ya chooni iitwayo Izal. Ngumu, inang'aa kama karatasi ya kufungia siagi, imepakwa dawa ya kuua vijidudu. Haifyonzi chochote. Ilijaa mashuleni na maofisini miaka na miaka, na zile za serikali kila kipande kilipigwa chapa ya maneno "Mali ya Serikali" ili usiende nayo nyumbani. Anasema wao shuleni walikuwa wanaipenda kwa kazi moja tu, kuchorea ramani, maana ukiiweka juu ya atlasi unaona mistari yote. Viwandani walijua ni mbaya. Wanunuzi nao walikuwa wanajua. Ila ilikuwa rahisi, haiibiwi, na daktari hakuipinga.

KopoLaMaji

Mali ya Serikali! Yaani unaingia chooni unaharibu mali ya umma kwa hiari yako.

DeoUsafi

Dada BintiHesabu, nimeifanyia kazi hesabu yako jana usiku na mke wangu. Upande wa gramu uko sahihi, sina ubishi. Lakini umekosea sehemu moja na Mzee wa bohari atanisaidia: umehesabu kwamba roli zote zinatumika chooni. Roli sita zile, kwa makisio yangu, moja inatoka nje na watu. Ni mbovu, lakini inafutia kioo cha gari na viatu. Ukiniletea nzuri hazitatoka moja, zitatoka mbili. Na zikitoka zenu zikiisha saa sita mchana, ni mimi nitakayepigiwa simu, si mhasibu.

Pia mimi sinunui rejareja kwa Mangi. Nanunua kwa mkopo wa siku 30 kwa mtu mmoja anayeniamini, na huyo anauza hizo tu. Nikitaka nzuri ni hela taslimu. Ofisi yenu inanilipa siku ya 50 au 60. Wewe ndiye unayeandaa malipo, unajua.

BintiHesabu

Hapo umenipiga. Hati yako ya mwezi uliopita, kama wewe ndiye ninayemdhania, iko kwenye trei yangu inasubiri saini ya pili. Kama si wewe, basi ya mwenzako iko hivyohivyo.

Nimeongea na meneja utawala leo asubuhi. Nilidhani atacheka. Akafunga mlango, akaniambia taratibu kwamba yeye kila siku anashuka kutumia choo cha mgahawa ulio chini. Miaka mitatu! Nikamwonyesha namba. Akasema niandike dokezo la ukurasa mmoja, aombe tishu itolewe kwenye mkataba wa usafi ghorofa yetu tu, tununue wenyewe kwa miezi mitatu tuone. Swali likawa, niandike nini kwenye sifa za bidhaa? Mzee wa bohari, nisaidie, nisije nikaandika "inajulikana".

MzeeWaBohari

Andika hivi, mstari kwa mstari, na usiwe na haya:

Karatasi ya chooni, nyeupe, tabaka mbili. Uzito usiopungua gramu 32 kwa mita ya mraba kwa tabaka zote mbili. Upana usiopungua sentimita 10. Urefu usiopungua mita 25. Uzito wa tishu bila kibomba usiopungua gramu 80 kwa roli. Kibomba kisizidi gramu 6. Muuzaji alete sampuli mbili pamoja na profoma, moja itabaki ofisini mpaka mzigo wa mwisho.

Sampuli ni muhimu kuliko maneno yote. Itieni saini ubavuni wewe na muuzaji, ifungieni kabatini. Mzigo wa kwanza utakuwa mzuri, huo usikudanganye. Angalia wa tatu. Nimepokea mizigo ya tatu mingi, kartoni ileile, chapa ileile, ndani ameshalegeza. Kila ukipokea toa roli tano bila kuchagua, pima. Zikipungua, rudisha zote na usisaini hati ya kupokea. Mtu wa ununuzi atakwambia unachelewesha kazi. Mwambie akatumie yeye.

Kuhusu wizi, usiweke kufuli. Weka roli mbili kwa kila choo na ya akiba iwe kabatini humohumo watu waione. Sisi tulipokuja kufanya hivyo baadaye ilipungua, watu huchukua sana kitu wanachodhani kesho hakitakuwepo. Haitaisha. Hesabu roli moja kwa siku ya sadaka.

Na Deo alipwe. Huwezi kumdai tabaka mbili mtu unayemlipa siku ya sitini.

DeoUsafi

Mzee, Mungu akuweke.

BosiMdogo

Hiyo mizani ya gramu inauzwa wapi na kiasi gani?

BintiHesabu

BosiMdogo, Kariakoo, maduka ya vyombo vya keki, ndogo tu ya betri. Ya kwangu Jumatatu inaenda ofisini ndani ya mfuko. Jumamosi hii nina oda ya keki mbili za kipaimara, nikishamaliza naifuta unga ndiyo niibebe. Dokezo limepita saini ya kwanza. Deo, trei yangu imebaki tupu, angalia akaunti Alhamisi.